Herufi Mbili za Mwalimu Mutembei

Mkutano wa kunijadili ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, na chai nilipika mimi.

Walikuja watu saba. Baba mkwe wangu, Mwalimu Mutembei, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mama mkwe, Felicitas, alikaa karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kutumwa. Mume wangu Kinoti, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kahawa hapa Githongo, alikaa akitazama mikono yake. Mithika, mdogo wake Mwalimu, alikuwa ametoka Kangeta alfajiri akiwa na miraa shavuni na haraka mwilini, kwa sababu soko la miraa halingoji mtu. Watatu waliobaki walikuwa wazee wa ukoo. Mmoja wao, Mzee Thuranira, alikuwa hasikii, na kwa hiyo aliongea kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ajenda ilikuwa moja. Mtoto wetu Gacheri alikuwa na ugonjwa wa damu ambao haujawahi kuonekana katika boma lile, na mimi nilikuwa mtu wa Embu, ambaye pia hakuwahi kuonekana katika boma lile. Wazee waliona mambo hayo mawili yanafuatana.

Gacheri alianza kuugua akiwa na miezi minane. Vidole vya mikono vilivimba, vya miguu vikafuata, akalia siku tatu bila kupumzika. Kwenye zahanati walisema ni baridi. Githongo kuna baridi, kwa hiyo tuliamini, tukamvika soksi mikononi. Mara ya pili macho yaligeuka manjano, wakasema ni malaria. Mara ya tatu tulishuka naye hospitali ya Meru mjini, na huko tukakutana na Daktari Ambaro.

Alikuwa msichana wa Kisomali aliyezaliwa Maua, mwenye Kimeru kilichonyooka kuliko changu. Mimi, baada ya miaka minne ya ndoa, bado nilichekwa sokoni kwa Kiembu changu. Yeye alifungua mdomo mara moja tu, na kina mama wote kwenye foleni wakaanza kumwita binti yetu. Alimtoa mtoto damu, ikapelekwa Nairobi, na baada ya wiki tatu akatuita.

"Ni sikoseli," alisema. "Kwenye vitabu vya Kiswahili wanaiita selimundu. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa duara kama kifungo, zinajikunja kama mundu, halafu zinakwama njiani. Zikikwama mkononi, mkono unavimba. Zikikwama kifuani, mnakuja hapa mbio, hamngoji kesho."

"Dawa yake ni gani?" Kinoti aliuliza.

"Ni kumtunza. Vidonge vya foliki kila siku, penisilini mpaka afike miaka mitano. Maji mengi. Na asipigwe na baridi."

"Tunaishi Githongo, daktari."

"Basi sweta mbili."

Tuliporudi nyumbani Kinoti alimweleza baba yake kwamba ugonjwa huo hauambukizwi wala haurogwi. Unarithiwa. Ni hilo neno la mwisho lililoitisha mkutano.

Mithika ndiye aliyeanza. "Huu ni ugonjwa wa watu wa joto," alisema. "Watu wa ziwani, watu wa Embu ya chini huko Mbeere. Sisi wa mlimani hatunao. Lydiah ni mtoto mzuri, sijakataa. Lakini arudishwe kwao kwa heshima. Gari ninayo."

"Si mara ya kwanza!" Mzee Thuranira alisema, na kuku wakatoka mlangoni. "Hata marehemu baba yenu alimrudisha yule wake wa Mbeere!"

Mwalimu Mutembei aliinua kikombe akanywa, ingawa nilikuwa bado sijakijaza.

Kinoti alisema sentensi moja siku hiyo. "Lydiah haendi popote." Kisha akarudi kutazama mikono yake. Wakati ule niliiona sentensi hiyo ni fupi. Siku hizi naona ilitosha.

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu, na shuleni kwake jibu lisilo na njia lilipata sufuri hata likiwa sahihi. Alifungua daftari.

"Mithika, umetoa jibu," alisema. "Onyesha njia."

"Njia gani?"

"Uliyopita ukafika kwenye jibu."

Mithika alihamisha miraa kutoka shavu la kushoto hadi la kulia. Mwalimu akaandika tarehe. "Tutapima damu. Lydiah kwanza, kisha Kinoti. Mkutano umeahirishwa."

Nikakusanya vikombe.

Siku ya kupimwa Mwalimu alikuja nasi, amevaa koti lake la kanisani. Daktari Ambaro alimpa kiti, naye akaweka daftari magotini.

"Kila mtu ana herufi mbili za damu hii," daktari alisema. "Moja amepewa na baba, moja na mama. A ni ya kawaida, S ni ya mundu. Mwenye A mbili hana neno. Mwenye A na S naye hana neno. Hata hajui kama anayo. Atalima, atazeeka, anaweza kuwa mwalimu mkuu. Mwenye S mbili ndiye anayeugua."

"Kwa hiyo Gacheri ana S mbili."

"Ndiyo."

"Moja ya mama yake." Mwalimu aliandika.

"Na moja ya baba yake."

Kalamu ilisimama. "Rudia hapo mwisho."

"Na moja ya baba yake. Haiji bila pande mbili, Mwalimu. Ni kama tunda la kahawa. Ukiliminya zinatoka mbegu mbili."

"Kuna matunda yenye mbegu moja," alisema Mwalimu, ambaye ana miti mia nne.

"Yapo. Lakini kwenye damu hakuna."

Majibu yalipokuja, mimi nilikuwa AS. Kinoti alikuwa AS. Daktari alieleza kwamba wazazi wa aina hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

"Basi ile moja imeshatoka," Mwalimu alisema. "Wamebaki watatu wazima."

"Hapana. Kila mimba inaanza upya. Sarafu ukiirusha haikumbuki ilivyoanguka jana."

Mwalimu alikuwa amefundisha jambo hilo kwa miaka yote hiyo, kwa mfano wa sarafu. Alifuta alichokuwa ameandika. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifuta.

Herufi yangu ilikuwa imetoka Embu, na huko Mwalimu aliiacha. Lakini S ya Kinoti ilipaswa kuwa imetoka ama kwa baba yake ama kwa mama yake, na Mwalimu akaona ni haki kuanza na mama. Felicitas akapelekwa Meru mjini na kutolewa damu. Jibu lilikuwa AA.

Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameolewa miaka thelathini na minane, na hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa karatasi yenye muhuri inayosema hana kosa. Aliitundika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa, chini kidogo, ili mtu aliyekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha aweze kuisoma.

Ikabaki damu ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na kahawa ya kuchuma, baadaye akawa na magoti yanayouma, baadaye kanisa likawa na harambee. Miezi miwili ilipita. Kisha Alhamisi moja aliondoka bila kuaga, na wiki kadhaa baadaye alinikuta shambani nikichuma.

"Lydiah."

"Baba."

"Ni mimi."

"Ni sisi wote, Baba. Upande ule mwingine ni wangu."

"Hata hivyo," alisema. Akavuta tawi la mti niliokuwa nauchuma, akaanza kuchuma pamoja nami. Alichuma saa nzima, matunda mabichi na mekundu pamoja. Mtu mwingine angefanya hivyo angefukuzwa shambani. Jioni nilikaa nikayachambua.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha hesabu katikati. Ikiwa S ilikuwa yake, naye alipewa na mtu. Siku ya kliniki ya Gacheri akaja nasi tena, akamuuliza daktari kuhusu wazazi wake waliokufa zamani.

"Wao siwezi kuwajua," Daktari Ambaro alisema. "Lakini ndugu zako je? Kuna aliyekufa mdogo?"

Mwalimu alifunga daftari. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, kwamba alikuwa na dada aliyeitwa Kiende, aliyefariki mwaka wa 1968 akiwa na miaka sita. Tangu utotoni mikono yake ilikuwa ikivimba. Macho yalikuwa manjano. Ukungu wa mwezi wa saba ukishuka alilia usiku na mchana, na mama yao alimpaka mafuta ya kondoo. Mwaka huo alishikwa na homa siku tatu, na siku ya tatu alikunywa uji katika nyumba ya mke wa pili wa baba yao. Jioni akafa.

"Homa hakuna aliyeiona," Mwalimu alisema. "Uji watu waliuona."

Mke huyo wa pili aliitwa Ciakuthii, msichana wa Mbeere wa miaka ishirini na miwili, aliyeolewa mwaka mmoja tu kabla. Wazee walikaa. Mutembei alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha pili, amekuja likizo, na ndiye peke yake aliyekuwa na mwandiko wa maana. Akapewa kazi ya kuandika uamuzi na barua ya kumrudisha kwa baba yake.

"Wazee walisema anashukiwa," alisema. "Mimi niliandika amepatikana na kosa. Hakuna aliyenituma. Niliona ile ya kwanza haina uzito."

Gacheri alikuwa amelala mapajani pangu, na nilishukuru kwamba nina kitu cha kutazama.

"Siwezi kumpima mtu aliyezikwa mwaka wa sitini na nane," daktari alisema. "Lakini mtoto mwenye mikono hiyo akija hapa leo, na kaka yake ni AS, najua nitapima nini kwanza. Na nikikuta ni hivyo, basi baba yenu alikuwa na S, na mama yenu pia."

"Uhakika ni asilimia ngapi?"

"Sina asilimia, Mwalimu. Ila sitalaumu uji."

Mama yangu huuza mboga soko la Embu, na hakuna mtu wa Embu ambaye mama yangu hawezi kumfikia kwa kuuliza watu watatu. Ilimchukua siku kumi na moja. Ciakuthii alikuwa hai. Baada ya kurudishwa kwao alikaa miaka mingi bila kuolewa, kwa sababu habari za uji zilikuwa zimemtangulia. Hatimaye aliolewa na fundi wa viatu mjini ambaye hakuwa na hamu ya habari za watu, na sasa, akiwa mjane, alikuwa akiishi mtaa wa Majimbo na binti yake Muthoni.

Mwalimu alimpigia Mithika simu. "Ulisema gari unayo ya kwenda Embu," alimwambia. "Tunaihitaji."

Kwa hiyo Mithika ndiye aliyenipeleka Embu, kama alivyokuwa amependekeza, na jioni akanirudisha.

Tulimkuta Ciakuthii barazani akipepeta ndengu kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijani. Alimtazama Mwalimu kutoka viatuni hadi kichwani.

"Mutembei," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Ndiyo, Mama." Ciakuthii alikuwa amemzidi miaka mitano tu, lakini alikuwa mke wa baba yake, na hakukuwa na jina lingine la kumwita.

Muthoni alituletea viti. Mwalimu hakukaa. Alisimama kama yuko mbele ya darasa, akafungua daftari, akaeleza: herufi A na herufi S, pande mbili, Gacheri, Kinoti, yeye mwenyewe, kisha Kiende, mikono yake na macho yake. Alieleza kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, na kila alipofika kwenye jina la Kiende alikohoa. Mithika alibaki amesimama kando ya gari. Alikuwa na miaka tisa wakati ule, na nadhani alikumbuka zaidi ya alivyowahi kusema.

Ciakuthii hakuacha kupepeta. Mwalimu alipomaliza, aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo si uji."

"Si uji, Mama."

"Nilijua si uji. Ni mimi niliyeupika."

Kuku alikuja kudonoa ndengu zilizodondoka, Muthoni akamfukuza.

"Ile barua uliandika wewe?" Ciakuthii aliuliza.

"Niliandika mimi."

"Kaka yangu ndiye alinisomea. Alisema mwandiko ni mzuri."

Mwalimu alitoa leso akafuta miwani. Kisha akafuta uso, na akaendelea kuufuta kwa muda. Ciakuthii alimwacha amalize.

"Unajua kwa nini Kiende alikuwa anakuja kwangu?" alisema. "Mama yako alikuwa anazima moto asubuhi. Kuni ni za kupikia, si za kuota. Mimi nilikuwa mtu wa joto, nilikuwa nahisi baridi ya kwenu, kwa hiyo kwangu moto ulikuwa unawaka mchana kutwa. Mtoto alikuwa anakuja kuota. Aliniambia baridi iko ndani ya mifupa. Hivyo hivyo alisema, ndani ya mifupa. Siku hizo tatu za mwisho hakutaka kula chochote. Uji ndio aliukubali." Aliinua ungo tena. "Hayo yote ningewaambia. Hakuna aliyeniuliza."

"Naomba unisamehe, Mama."

"Unaniambia hapa barazani kwangu. Mimi hii habari ninayo miaka arobaini na tatu. Nenda kaiseme kule ulikoiandikia."

"Wale wazee wamekufa."

"Wote?"

"Amebaki Mzee Thuranira. Na hasikii."

"Basi paza sauti," alisema Ciakuthii.

Alitupa chai. Alituambia tusiondoke bila kula, na tukala ndengu zilezile. Alimuuliza Mithika kama mguu alioumia kwa jembe ulipona vizuri. Mithika alisema ulipona, kisha akatoka nje kwenda kuangalia magurudumu, yaliyokuwa sawa.

Mwalimu aliisema Jumapili iliyofuata, kanisani, baada ya matangazo. Aliomba ubao wa watoto wa shule ya Jumapili, akachora herufi. Alitaja jina la Ciakuthii, la Kiende, na lake. Alisema neno alilolibadilisha na alilibadilisha kutoka lipi kuwa lipi. Mzee Thuranira alikuwa amewekwa kiti cha mbele, na Mwalimu aliinama sikioni mwake akapaza sauti mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka: "Mama Ciakuthii hakuwa na kosa!" Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba mwaka wa 1968 alitikisa vilevile.

Nje watu waligawanyika. Wengine walisema Mwalimu amezeeka. Wengine walisema yawezekana ilikuwa damu na uji pia, kwa nini kuchagua. Lakini wiki hiyo wanawake watatu walikuja, mmoja mmoja, kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo ninakofanya kazi. Wa kwanza aliuliza bei ya dawa ya kupe, akauliza tena, kisha akauliza kama mtu anaweza kuwa na hizo herufi na asijue. Alikuwa amezika watoto wawili. Mama mkwe wake alikuwa akimwita kaburi.

Nilimpigia Daktari Ambaro. Alikuja Githongo Alhamisi moja na sanduku la chupa ndogo, akaketi zahanati kutwa nzima. Walipimwa watu sitini na wanne. Wengi walikuwa AA, wakiwemo waliopiga kelele zaidi. Mithika alikuja kutoka Kangeta, akapata AA, na akawaarifu watu wa sokoni kama mtu aliyepita mtihani. Yule mama wa dawa ya kupe alikuwa AS na mume wake AS, na walirudi nyumbani wakitembea pamoja, jambo ambalo watu walilitazama.

Ciakuthii alikuja mwezi wa kumi na mbili, na Muthoni. Aliomba kuonyeshwa alipozikwa Kiende. Hakukuwa na alama yoyote. Kahawa ilikuwa imepandwa pale. Mwalimu alihesabu mistari kutoka kwenye mtaro, akakosea, akahesabu tena. Alipofika, wote wawili walisimama pale, nami nikaondoka na Gacheri kwa kuwa hapakuwa na kazi yangu. Sijui walisema nini. Walirudi baada ya muda mrefu, na Felicitas akamkaribisha Ciakuthii kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mwalimu akakaa kwenye benchi.

Gacheri sasa ana miaka tisa. Kila mwaka tunalazwa naye mara moja au mbili. Huwa anakosa wiki za shule na bado anawazidi wenzake hesabu, na babu yake anasema hilo nalo limerithiwa.

Mimi na Kinoti tulikaa miaka minne bila kuongeza mtoto. Tuliliongea jambo hilo tukiwa tunafua, tukiwa tunapalilia, na mara moja tukiwa kanisani kwa kunong'ona. Kinoti alikuwa akisema robo. Mimi nilikuwa nikisema robo tatu. Siku nyingine tulibadilishana. Mvulana alizaliwa mwaka wa 2014, na alipofika miezi sita tulimpeleka apimwe. Zile wiki tatu za kungoja sitazisimulia.

Alikuwa AS.

Mwalimu alitaka kujua kama hiyo S ni ya upande wangu au ya upande wa Kinoti. Daktari Ambaro alimweleza kwamba mtoto wa wazazi kama sisi akiwa na S moja, kipimo hicho hakiwezi kusema aliipata wapi.

Mwalimu hakulipenda jibu hilo. Kinoti alilipenda sana, akaomba aelezwe mara ya pili.